Lenzi Mbili, Kaske Moya

Mi naitwa Nkongolo, na tangu miaka kumi na tisa napiga video ya ndoa hapa Kolwezi. Mutu asikuye kunifundisha lenzi. Nilikwisha kupiga ndoa ndani ya mvua, ndani ya mavumbi ya mugodi ya Mashamba, na siku moya kuku ilirukia mavazi ya bibi harusi mbele ya pasteri na mukono yangu haikutikisika. Batu ya Kolwezi banajua. Basi njo na ile kiburi yote nilikuwa naikala siku Simone Mbelu aliingia mu lupango yangu, pale mbele ya nyumba, na kaske yake, kofia ngumu ya pikipiki, ku mukono.

Simone ni motari. Banamuke benye kuendesha moto, yaani pikipiki, ya kazi hapa kwetu, unabahesabu na vidole na vidole inabakia. Anabebaka batu na mizigo mpaka Mutshatsha, mu ile muchanga yenye kumeza gurudumu, na sijasikia hata siku moya kama aliangusha mutu. Banaume benye kumucheka pale mwanzo, leo banamufuata nyuma kuangalia fasi anapitisha gurudumu. Nasema wazi, sina haya: ule mwanamuke namuheshimu kuliko bachefu bote benye kupita na magari ya vioo nyeusi.

"Tata Nkongolo," alisema, "niko na lazima na ile kamera yako ya kidogo."

Habari ilikuwa hivi. Ekipe moya, yaani timu, ya mashindano ya moto, ku Lubumbashi, ilikuwa natafuta mutu moya tu wa Kolwezi wa kupewa kiti yenye ilibakia. Kila mutu atume video yake, isikatwe hata sekunde, kamera ifungwe ku kaske, kutoka fasi lami inaishia njia ya Nzilo mpaka mutoni. Mwisho siku ya tano ya ile juma, saa sita ya muchana. Na mwenye kupita miaka makumi tatu na tano habamukamate. Simone alikuwa na makumi tatu na tano kamili. Mwaka yenye kuya mulango ingekuwa imefungwa.

"Hii kiti naitaka, tata," aliniambia. "Naitaka mubaya. Nilianza kuiota mbele ya kuzaa."

Kamera yangu iko na lenzi mbili za kufungua na kufunga. Moya ni ya mupana: inaona mbele, kushoto, kuume, mpaka mikono ya mwenye kuendesha. Ingine ni ya kukaza: inaona mbele tu, lakini yenye inaona, inaivuta karibu. Tulizipima zote mbili ku kilima ya udongo wa mugodi wa zamani, nyuma ya kwetu. Nilifunga kamera chini, ku kidevu ya kaske, sababu ukiiweka ku kichwa inayumba sana.

Na lenzi ya mupana, mu video, ile kilima yenye mi naogopa kushuka ilikuwa tambarare sawa simenti ya nyumba. Simone alionekana kama mutu mwenye kwenda kununua mukate. Na lenzi ya kukaza, eh mama! Kilima ilisimama mbele yangu wima, na mi mwenyewe, mutu muzima, nilishika kiti.

"Ya kukaza," nilisema. "Kwisha."

"Ya mupana," Simone alisema.

"Juu ya nini? Unataka baone majani? Hakuna mutu atakupa kiti juu ya majani!"

"Njia ya Nzilo haiko mbele tu, tata. Mi nikipita pale, natumika na pembeni pia."

Nilikasirika. Nilimuambia miaka kumi na tisa, nilimuambia kuku, nilimuambia yote. Simone alisikiliza mpaka mwisho, aliinamisha kichwa kidogo, akasema: "Kamera ni yako na weye ni mukubwa. Fanya vile unajua."

Siku ya ine asubuhi tulienda, lenzi ya kukaza ku kaske. Mi nilimungojea ku mutoni. Dakika tisa tu, mashini ikalia, Simone akatokea, mavumbi mpaka ku kope. Tulifunika kamera na koti yangu sababu ya jua, tukaangalia. Dakika ya kwanza, muzuri. Ya tatu, muzuri sana. Ku muteremuko, nilipiga mukono ku paja juu ya furaha. Halafu dakika ya sita, kati ya muteremuko, pale kamustari kamoya tu ka udongo kagumu kanapita, Simone anaacha kale kamustari, anaingia mu muchanga ya kuume, moto inanyonga matako kushoto na kuume, halafu anarudia. Bila sababu. Kama mwanafunzi wa juzi.

"Simone! Ulilala?"

"Batu ya makala, tata."

Niliangalia tena. Hakukuwa mutu. Muchanga tu.

Hapa nafaa nieleze mutu mwenye haijui ile njia. Batu ya makala, yaani mukaa ya kupikia, banatoka mu pori asubuhi na kinga, yaani baiskeli, kila moya magunia ine ao tano juu yake. Hakuna mwenye kupanda juu, ni kusukuma, kifua yote ku gunia. Bakisimama kati ya mupando, kinga inarudi nyuma na mutu moya haweze kuianzisha tena. Basi bamotari benye heshima banabaachia kale kamustari kagumu, beye banaingia mu muchanga. Hakuna mwenye kuandika ile sheria. Ile asubuhi kinga sita zilitokea mu kanjia ka kushoto. Simone aliziona kwa pembe ya jicho tu, sababu mu muchanga ukigeuza kichwa unaanguka. Kichwa haikugeuka, basi kamera haikuona. Lenzi yangu, ile ya miaka kumi na tisa, ilimuonyesha kama mupumbavu.

Nilisikia haya mpaka ku masikio. Lakini mudomo yangu ni mugumu. "Bon," nilisema, "kesho tutangoja kwanza bapite. Njia ikikuwa wazi, unashuka tu mu kamustari. Na lenzi ni ile ile."

"Hapana, tata." Mara ya kwanza alinikatalia waziwazi. "Baliomba njia ya Nzilo. Njia ya Nzilo bila batu ya makala, mi siijui. Weka ya mupana."

"Muteremuko itaonekana simenti! Utapoteza kiti!"

"Kama naipoteza, naipoteza mi mwenyewe."

Niliiweka. Sikulala muzuri ile siku, na sikuficha kwa bibi yangu juu ya nini. Siku ya tano, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, Simone alishuka. Tulituma video bila kuikata, saa ine, nami nilikuwa nasema moyoni: Nkongolo, umemuachilia huyu mutoto wa batu azame.

Siku tisa bila sauti. Siku ya kumi Simone alikuya kwangu akikimbia kwa miguu, moto yake aliiachia batu ku barabara, simu inalia ku mukono. "Tata, kamata weye. Mi siwezi."

Niliifungua sauti. Ilikuwa chefu wa ekipe, jina yake Mukalay.

"Tulipokea video makumi ine na moya," alisema. "Muteremuko ya ule mama haionekani kitu."

Simone alifunga macho. Mi nilitafuta kiti.

"Lakini ile muteremuko tunaijua, siye bote tulianguka pale. Tulitaka kujua mwenye kuendesha. Bale makumi ine bote balipita mu kamustari kagumu. Mu video ya moya, unaona kabisa kinga ya makala inaanguka pembeni yake. Ule mama aliingia mu muchanga na mwendo yake yote, kichwa haikutikisika, mikono imelegea ku moto kama anabeba mutoto, na ile batu ya makala balipita. Mi niko na vikombe ku nyumba, na siwezi kufanya vile. Akuye mbele ya mwisho wa mwezi. Kiti ni yake."

Simone alikaa chini mu mavumbi ya lupango yangu na akalia kwa sauti.

"Na weye njo mupiga video?" Mukalay aliuliza. "Bravo, tata. Na lenzi ingine hatungeona kitu. Unajua kazi yako."

Mi Nkongolo, mwenye hajakataa sifa hata siku moya, mwenye anaelezeaka kuku mpaka ku matanga, nilimuangalia ule mwanamuke pale chini.

"Hapana, chefu," nilisema. "Lenzi alichagua yeye. Mi nilikataa."