Ng'ombe Waliohamia Kwenye Kadi

Simu ya marehemu Masanja ilijaa siku ya Jumanne, wakati mjane wake, Mbuke, akijaribu kupiga picha kitoto cha mbuzi kilichozaliwa alfajiri. Kioo kiliandika kwamba hifadhi imejaa, afute baadhi ya vitu. Mbuke aliipangusa simu kwa upindo wa kitenge, akajaribu tena, ikaandika vilevile. Basi akafunga mlango, akapanda bodaboda mpaka Ubaruku, kwa Ikupa, Mnyakyusa mwenye kibanda cha simu jirani na mashine ya kukoboa mpunga.

Simu hiyo na mbuzi wachache ndivyo alivyoachiwa. Matanga yalipoanuliwa, Bujiku, mdogo wake marehemu, alimweleza kwamba kwa desturi yeye ndiye anayerithi ng'ombe pamoja na mjane. Mbuke alimjibu kuwa yeye na ng'ombe hawafungwi kamba moja. Bujiku hakugombana naye. Alasiri ileile aliwaswaga ng'ombe wote mpaka zizini kwake, ng'ambo ya mfereji, na hakumwachia hata mmoja wa kumpatia maziwa ya chai. Mzee Masumbuko, mkubwa wa wazee wa ukoo, alisema ndivyo inavyokuwa. Simu hawakuitaka kwa sababu kioo kilikuwa na ufa.

Sasa mtu anaweza kusema, ng'ombe ni ng'ombe tu. Lakini wale Mbuke alitembea nao kutoka Meatu mpaka Usangu akiwa na mimba tumboni na sufuria kichwani. Aliwaosha kupe kwa mikono yake mpaka dawa ikamchubua vidole. Walipoondoka bila yeye, aliacha kula ugali kwa hasira.

"Ndaga, mama, lete nione," Ikupa alimshukuru kwa Kinyakyusa, akaipokea simu na kuanza kuipekua. "Mbona humu ni ng'ombe watupu?"

"Baba yao alikuwa anawapiga video wote. Ng'ombe akiibiwa, unamwonyesha polisi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila ng'ombe alikuwa na video yake: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, pembe, chapa. Masanja hakusema neno kwenye video hizo, alikuwa akipiga mluzi tu kama alivyozoea kuwaita kwenda kunywa maji.

Ikupa alichomeka memori kadi ubavuni mwa simu. "Sikia sasa. Hifadhi ya ndani ni kama chumba cha kulala, hukiondoi. Kadi ni kama sanduku, unalibeba unakwenda nalo unakotaka. Ukibonyeza Nakili, kitu kinakuwa pande zote mbili na nafasi hupati. Ukibonyeza Hamisha, kinatoka kule kinakuja huku."

"Na kule kinabaki nini?"

"Hakibaki kitu, mama."

Mbuke aliichagua video ya Meatu, ng'ombe mzee kuliko wote, aliyepewa jina la kule alikozaliwa. Akabonyeza Hamisha.

Wachungaji wa Bujiku walishuhudia. Kwa maelezo yao, Meatu alikuwa amesimama mferejini anakunywa maji akaanza kuondoka, kuanzia mkiani. Alipofika nusu alikwama kidogo, kwani simu ya Masanja ilikuwa nzito. Kisha ikaondoka shingo, kikaondoka kichwa, na pembe zikamalizia. Bujiku aliuliza ng'ombe ameenda wapi, wakamwambia amehamishwa. Akawagombeza kwa kuzubaa, akawaambia kesho wamlete.

Jioni Mbuke alifungua kadi akamkuta Meatu akicheua. Ng'ombe alimtazama, akamtambua, akaendelea kucheua. Kesho yake Mbuke alimhamisha yule mwekundu mwenye ndama mchanga, na ndama wake, akaweka kikombe chini ya tundu la chaji. Maziwa yalitoka ya vuguvugu kama kawaida. Alikunywa chai ya maziwa kwa mara ya kwanza tangu matanga, na akiinywa alimfikiria Bujiku anavyotafuta ng'ombe vichakani, chai ikazidi utamu.

Aliendelea hivyo. Akishaosha vyombo asubuhi alihamisha mmoja au wawili, wasizidi, kwa sababu simu ilipata moto na kunuka samadi. Hakuwa na haraka. Alitaka Bujiku awe anaamka kila siku na kumkosa mmoja, ajue kukosa kunavyouma.

Dume la zizi, aliyeitwa Diwani kwa kupenda kunguruma bila kufanya kazi, alimweka akiba. Bujiku alikuwa anaposa mke wa pili, na wakwe watarajiwa walitoka Utengule kuja kuona mali. Mbuke alisubiri mpaka wageni wakaletewa viti, Diwani akatolewa mbele yao na kusifiwa, ndipo akabonyeza. Wageni walimwona akiisha. Walikaa wakamaliza wali na nyama, wakashukuru kwa chakula, wakasema binti yao bado mdogo. Mbuke alipopata habari hizo alicheka peke yake jikoni mpaka akajishika kiuno.

Zizi lilipobaki na mavi makavu, Bujiku alikuja. Alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Shemeji, naambiwa ng'ombe wako kwako."

"Angalia zizini."

"Sikusema zizini. Nimesema kwenye simu."

"Simu mliniachia wenyewe, shemeji. Mlisema ina ufa."

Kabla Bujiku hajajibu, Diwani alinguruma kutoka kwenye fundo la kitenge cha Mbuke. Wote wawili walimsubiri amalize.

"Ng'ombe ni wa ukoo," Bujiku alisema. "Awe porini, awe kwenye memori, ni wa ukoo. Tutakutana kwenye kikao."

Mbuke alijua kikao kitaamua nini, maana wazee walikuwa ni walewale. Angeweza kuwatoa ng'ombe nje akakimbia nao, lakini akimbilie wapi, na malisho apate wapi? Kwato zao zikigusa ardhi tu, wangekuwa ng'ombe wa Bujiku tena. Alirudi kwa Ikupa akamweleza.

"Njia ipo," Ikupa alisema. "Kadi hii naweza kuifunga na simu yako, iwe hifadhi ya ndani, kitu kimoja. Mtu akiichomoa akaiweka kwenye simu nyingine, haisomi. Simu yake itamwambia aifomati kwanza."

"Akiifomati?"

"Inabaki nyeupe. Vyote vilivyomo vinakwisha. Ila na mimi siwezi kuifunga mpaka niifomati mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe lazima watoke wakae kwanza ndani ya simu, na ndani ya simu hamna nafasi. Itabidi ufute."

"Tufute."

Walikaa kwenye benchi, simu wameifunga kitambaa kibichi isiungue. Walianza na nyimbo za kwaya na picha za asubuhi njema zilizotumwa na watu wa kanisani. Ng'ombe wachache wakaingia. Wakafuta video ya harusi ya binti yake aliyeolewa Ruaha Mbuyuni kwa wakulima wa vitunguu. Baada ya muda binti akapiga simu kuuliza, samahani mama, hivi mimi nilifunga ndoa kanisani au kwa mkuu wa wilaya? Mbuke akamwambia kanisani, na chakula kilitosha. Wakafuta picha za mavuno, picha za nyumba ikiezekwa, picha ya mtoto aliyefariki angali mchanga. Hiyo Mbuke aliifuta mwenyewe, Ikupa akiangalia barabarani.

Mwishoni alibaki kwenye kadi ndama mmoja, na ndani ya simu zilibaki sauti za Masanja. Alikuwa na tabia ya kurekodi ujumbe akiwa mnadani, kwa kuwa kuandika kulimchosha. Mama, nimechelewa, usinisubiri, kula. Mama, mvua huku ni kubwa, funika kuni. Mbuke alizisikiliza kila jioni kabla ya kuwasha taa.

"Na hizi?" Ikupa aliuliza. "Ni ndogo tu, mama. Lakini ndama naye anataka kidogo tu."

"Ndama akibaki kwenye kadi?"

"Nikiifomati anakwisha. Au mtoe nje, umwachie shemeji yako."

Mbuke alimwona akilini Bujiku akiwa na ndama yule. Kutoka kwa ndama mmoja angepata zizi jingine, na mke wa pili, na sifa. Siku ile alimchukia Bujiku kuliko alivyompenda marehemu, na alilijua hilo, na halikumzuia.

"Futa," alisema.

Ndama akaingia. Ikupa aliifomati kadi, akaifunga na simu, akawarudisha ng'ombe wote humo, kama Mbuke alivyotaka. Mbuke alijaribu kuikumbuka sauti ya mume wake njiani akirudi. Maneno aliyakumbuka, ila aliyasikia kwa sauti yake mwenyewe.

Kikao kilifanyika Jumamosi uani kwa Mzee Masumbuko. Mzee alitaka kuanza kwa kumkumbuka marehemu, akafungua mdomo aigize alivyokuwa akisalimia watu, akashindwa. Wazee wengine walijaribu wakashindwa pia. Mmoja alisema labda Masanja alikuwa bubu. Baada ya hapo waliingia kwenye shauri.

Halikuchukua muda. Walikubaliana kuwa ng'ombe hawabadiliki umiliki kwa kubadilishiwa mahali, hivyo kadi ni ya Bujiku.

"Lakini simu ni ya mjane," Mzee Masumbuko alisema, na akainua kidole ili wote wasikie. "Ukoo huu hauonei mtu. Kadi itoke, simu abaki nayo."

Mbuke aliichomoa kadi kwa sindano, akamkabidhi Bujiku kwa mikono miwili huku amepiga goti, kama ipasavyo. Wazee walimsifu kwa adabu.

Bujiku alikuwa na simu mpya, pana. Alitumbukiza kadi, akasubiri, akakunja uso. Hakuwa msomaji mzuri, na hakupenda ijulikane.

"Shemeji, hii inauliza nini hapa?"

Mbuke alisogea akasoma. Iliandikwa kwamba kadi haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, na kwamba kila kilichomo kitafutwa. Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Meatu alikuwa humo, na yule mwekundu, na Diwani, na ndama ambaye kwa ajili yake alikuwa ameifuta sauti ya mume wake. Alivuta pumzi moja. Hakujisikia kuwa na huruma hata kidogo, wala hakuitafuta.

"Inauliza kama wewe ndiye mwenyewe," alisema.

"Sasa si mimi?"

"Basi bonyeza."

Bujiku akabonyeza. Uani pakanuka maziwa mabichi, ukasikika mluzi, kisha harufu ikaisha na mluzi ukaisha. Simu ilimpongeza na kumwambia kuwa kadi iko tayari na nafasi yote iko wazi. Bujiku aliigeuzageuza, akaipuliza, akamtazama shemeji yake. Mbuke alimtazama naye usoni, bila kupepesa, mpaka Bujiku akaelewa. Akakaa chini mavumbini na suruali yake ya kikao.

"Nimekukomesha," Mbuke alimwambia kwa sauti ya chini, ya kumtosha yeye peke yake. Akaaga wazee, akaondoka. Njia nzima alisikia raha, na alipofika nyumbani raha ilikuwa bado ipo, ila hakuwa na maziwa.

Wazee hawakumshtaki. Walisema ni bahati mbaya, kama ugonjwa wa kimeta, na kimeta hakina mtu wa kumlipisha. Bujiku alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya mpunga, na kwenye vikao aliendelea kupewa kiti, kwani sasa alikuwa ndiye mwenye uzoefu wa simu na kadi.

Mzee Masumbuko alifariki wakati wa kuvuna. Alianguka asubuhi akienda kuwafungulia ng'ombe wake, na wanawake walipofika, Mbuke akiwemo, marehemu alikuwa bado hajaoshwa. Mke wake, Nyamizi, alikuwa amekaa sakafuni ameshika simu ya mumewe, anatafuta namba. Watoto wao walikuwa mbali, mmoja Chunya machimboni, wengine Iringa.

Bujiku aliingia na wazee wawili. Walitoa pole, wakasimama kidogo kwa heshima.

"Mama, tunaomba simu ya marehemu," Bujiku alisema. "Ndio utaratibu siku hizi. Inatangulia simu, mazishi baadaye."

"Subirini niwapigie watoto. Bado hawajui."

"Watapigiwa."

"Mmoja tu, baba. Nimpigie huyu mkubwa."

Bujiku aliinama, akaitoa simu vidoleni mwake, taratibu, bila kumvunjia heshima. Akaizima. Akachomoa kadi akaikagua kwenye mwanga wa mlango, akamkabidhi mdogo wake Mzee Masumbuko, mmoja wa wale wazee wawili, aliyeifunga kwenye leso na kutia mfukoni. Nyamizi alibaki na viganja wazi mapajani. Alimgeukia Mbuke, akamwomba amsaidie kukumbuka namba ya mwanawe, inaanza na sifuri saba ngapi.

Mbuke hakuijua. Nje, watu walikuwa wameshafungua zizi na kuanza kuwaswaga ng'ombe.