Kamba Nyeupe Sakafuni

Waliojifunza pikipiki katika ua ule walimwita mwalimu wao Taratibu, na jina lenyewe alijitakia kwa kulirudia neno hilo kutwa nzima. Mvua ikianza, walimu wengine walifunga kazi. Yeye ndiyo kwanza alifungua geti. Isiponyesha, alimwaga ndoo sita za maji sakafuni, akafungua kamba nyeupe ya mkewe ya kuanikia nguo, akailaza chini. Hapo ndipo pa kusimama. Mkewe alinuna kila mara, na kila mara kamba ilirudi na matope.

Binti yao naye alijifunzia hapo, akiwa na miaka kumi na sita. Baba alipanda nyuma, mikono miwili mabegani mwa mtoto. Akibonyeza bega la kulia, binti alibana breki ya mkono. La kushoto, alikanyaga breki ya mguu. Kidole kikibonyeza kidogo, breki nayo kidogo, pikipiki ikiwa wima, kona ikiwa bado mbali. Siku moja binti alibana kwa pupa. Gurudumu la mbele likateleza, wote wawili wakagaragara majini.

"Sasa umeujua mwisho wa breki," baba alisema akicheka, bado yuko chini. "Turudie."

Miaka imekwenda. Mama hayupo tena, binti ndiye fundi wa ua ule, na baba ana miaka sabini na minane pamoja na ubishi wa watu kumi. Wiki iliyopita aligonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Akasingizia utelezi. Fundi alizikagua breki, akazikuta hazina kosa lolote, akamwomba ufunguo.

"Ufunguo hauombwi," baba alisema. "Mwaga maji, laza kamba. Nikiivuka, chukua. Nisipoivuka, usiniulize tena mpaka nife."

Fundi alikubali. Aliogopa baba ashindwe, na aliogopa zaidi ashinde. Alimwaga ndoo sita, akailaza kamba ya mama pale pale pa zamani.

Mzee aliwasha pikipiki getini, akaja. Kwanza aligusa breki kidogo tu kuzikausha, kama alivyofundisha maisha yake yote. Kisha akabana, mkono na mguu pamoja, polepole, na pikipiki ikasimama wima bila tairi kuteleza hata kidogo. Alikuwa baba yule yule, na fundi alitamani siku ile isiishe.

"Haya," baba alisema, "hapo nilikuwa napasha mkono moto. Laza kamba sasa."

Fundi angeweza kuiokota kimyakimya na kuilaza upya, na mzee asingejua.

"Ipo, baba."

"Wapi?"

"Mbele yako. Hatua tano."

Mzee alikaza macho sakafuni kwa muda mrefu. "Ile nyeupe?"

"Ile ile ya mama."

Alizima injini. Maji yalichuruzika kuelekea kwenye mfereji.

"Nguzo nayo sikuiona," alisema mwishowe, akauchomoa ufunguo na kumwekea binti yake kiganjani. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba kazi: "Nizungushe basi mara moja. Mvua hiyo inaanza."

Walitoka, baba nyuma, mikono mabegani kama zamani. Barabara ilikuwa imelowa matone ya kwanza, yale yanayoamsha mafuta ya magari na kuifanya iteleze, na kona ya kwanza ilikuwa inakuja. Fundi alipunguza mwendo mapema, akasubiri kidole kimbonyeze bega la kulia.

Hakikubonyeza. Mikono ya baba ilikuwa imemshika tu, kwa nguvu, kama abiria anavyomshika dereva.

Fundi akabana breki mwenyewe, kidogo kidogo.

"Taratibu, baba," alisema. "Nimekushika."