Msumeno wa Mikono Miwili

Mume wangu Rodion alifariki mwezi wa Mei, na hakufia msituni kama wengi kijijini walivyomtabiria. Alifia uani, akipaka lami boti iliyopinduliwa, brashi ikiwa mkononi. Ninaandika haya kwa sababu mambo ya vuli iliyofuata yameanza kunitoka, nani alisema nini na kwa sauti gani, nami sitaki yanitoke.

Tulikuwa na eneo letu la kutega soboli, safari ya siku mbili kwa boti kuupanda mto. Soboli ni mdogo kuliko paka, lakini manyoya yake ndiyo yanayotulisha sote huku. Kila mwaka barafu ilipokaribia, mimi na Rodion tulikwenda kukaa kibandani mpaka mwisho wa Februari. Tulifanya hivyo miaka kumi na minane. Kanuni ya ushirika wa wawindaji ni fupi: eneo lisipotegwa msimu mmoja, anapewa mwingine. Arobaini ya Rodion haijaisha, watu watatu walikuwa wameshaliulizia letu.

Nikaamua kwenda peke yangu.

Boti pekee iliyoweza kupita kwenye mawe ya mto ule, maji yakiwa yamepungua, ilikuwa ya mjomba Yefim, kaka wa mama yake Rodion. Na kwetu anayekwenda kukaa msituni haufungi mzigo ukaishia hapo. Huutandaza wote uani, akaja mwingine kuukagua, maana aliyefunga haoni alichokosea. Basi nilitandaza, na mjomba Yefim akaja asubuhi ya Jumatano, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Hii nini?"

"Turubai."

"Macho ninayo, mkwe. Nauliza ya nini."

"Ya kufunikia kuni."

"Kuni funika kwa magome. Turubai iweke, paa litavuja." Akasogea. "Na makopo yote haya ya nyama? Unakwenda kuwinda au kufungua duka?"

"Ni ya siku za mwanzo."

"Siku za mwanzo utakula samaki. Siku za mwisho ndizo za kopo."

Alilipitishia kidole bomba la moshi kutafuta tundu. Alinusa unga. Alipiga jicho kwenye bunduki, kwenye risasi, kwenye redio na betri zake. Kwenye skii, zile mbao za kutelezea thelujini, alisimama. Zilikuwa za Rodion, ndefu kunipita, maana moja ya zangu ilikuwa na ufa.

"Hizi zilichongwa kwa uzito wa nani?"

Akasogea tena, akainama, akaunyanyua msumeno wetu mrefu. Una mpini huku na mpini huku, watu wawili wanavutana gogo likiwa katikati. Aliushika mpini mmoja, ule wa pili ukabaki unaning'inia ukitikisika kidogo.

"Na upande huu atavuta nani?"

Sikuwa hata nimefikiri. Kila vuli mkono wangu ulikwenda kwenye msumari ulipotundikwa ukutani, na safari hii ulikwenda vilevile. Nilisimama uani kwangu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, nikajiona mjinga.

Hakucheka. Aliulaza msumeno kwenye majani taratibu.

"Umefunga mzigo wa watu wawili," alisema. "Mmoja tumemzika. Sikupeleki."

Akaondoka, nami nikakaa juu ya gunia la unga mpaka mbwa wangu Dimka akaja kunilazia kichwa magotini.

Kesho yake alikuja mkewe Kapitolina, ambaye kijiji kizima kinamwita shangazi, na mikate yake ya samaki ndani ya kitambaa.

"Nasikia amekukatalia."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa sauti kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

"Hmm. Kubwa ingekuwa nafuu. Kubwa huwa imepoa ifikapo saa ya chakula." Alijisukumia nafasi kwenye benchi. "Lakini mto haujaganda. Una siku kumi, labda kumi na mbili. Mwite tena."

"Aje kuona nini?"

"Mzigo wa mtu mmoja. Kula mkate, umekonda kama kijiti cha mtego."

Nilikula. Akaniambia jambo nililokuwa nimelisikia nusunusu tu. Kabla hawajaoana, Yefim aliteleza kwenye barafu mbali na kibanda, akavunjika mkono wa kulia. Alijikokota mpaka ndani. Kuni zilikuwepo, jiko lilikuwepo, na viberiti vilikuwepo, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekikaza kwa mkono mzima. Alihangaika nacho mpaka alipoipasua chupa kwa jiwe, na njiti zikamwagika kwenye theluji iliyokuwa imeingia mlangoni.

"Siku kumi na mbili alikuwa peke yake," shangazi alisema. "Baridi hailalamikii. Mkono haulalamikii. Kifuniko kile mpaka leo anakitukana usingizini. Kwa hiyo kila anayetaka apelekwe peke yake, humfunga mkono na kumwambia ampikie chai. Mimi sijakwambia kitu."

"Hujaniambia."

"Vizuri. Na mikate hii ameioka jirani."

Alipoondoka nilirudi uani, nikaanza upya. Nilishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, nikijiuliza ningekitumiaje kama wa kulia haupo na hakuna wa kumwita. Shoka kubwa la Rodion liliniangukia karibu na mguu. Nikalirudisha ghalani, nikachukua dogo, nikalikata mpini ukaishia kwapani nilipounyoosha mkono. Nilichukua msumeno mfupi wa upinde ambao Rodion alikuwa akiudharau, akiuita wa kukatia matango, nikaunoa meno kwa tupa hadi vidole vikafa ganzi. Ufa wa skii yangu niliubandika kipande cha bati na misumari midogo. Gunia la unga nililigawa katika mifuko ambayo naweza kuinyanyua bila kuguna. Viberiti nikaviweka kwenye kopo linalofunguka kwa dole gumba.

Kwenye sindano nilikwama. Nilijaribu kutunga uzi kwa mkono mmoja, kwa meno, kwa kuichomeka sindano kwenye mshumaa. Haiwezekani. Basi nilizitunga zote kabisa, ishirini, nikazichoma katika kipande cha sufu, kila moja na uzi wake umezungushwa.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni koti lake la manyoya. Lilikuwa na joto kuliko langu, na kwenye ukosi bado lilikuwa na harufu yake, lami na tumbaku. Nililivaa. Mikono ilishuka ikanifunika vidole, nikajaribu kuishika bunduki, kidole hakikufika kwenye kifyatulio. Niliikunja mikono ya koti, ikakunjuka. Nikakaa nalo magotini mpaka mwanga ukaanza kupungua dirishani, kisha nikalitundika pale lilipokuwa.

Mjomba Yefim alirudi Jumapili, siku ya manyunyu na upepo. Alikuwa na mkanda mkononi.

"Nani amekwambia?" aliuliza kabla ya salamu.

"Kuhusu nini?"

"Basi." Alinifunga mkono wa kulia ubavuni, akakaza. "Umeanguka. Umevunjika. Una baridi. Nataka chai."

Nilipiga magoti chini ya upenu wa ghala. Maranda makavu nilikuwa nayo ndani ya mfuko kifuani, na gome la mbetula, lile jeupe linalowaka hata likiwa bichi. Nilipasua kuni kwa shoka dogo. Mara mbili lilikwenda pembeni, na mjomba akakohoa. Nikalibana kopo kati ya magoti, nikalifungua kwa dole gumba. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili ilivunjika. Nikageuka, nikaupa upepo mgongo, nikalala kabisa chini kama Dimka anavyolala, nikaiwasha ya tatu karibu na midomo yangu. Gome likashika, likatoa moshi mweusi.

Birika lilichukua muda. Nilimmiminia.

"Sukari?" aliuliza.

"Jichukulie, mjomba. Mimi nimevunjika mkono."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazikoni. Akanywa kikombe chote akitembea kati ya vitu vyangu, akinyanyua mifuko ya unga kwa kidole, akizitazama skii zilizobandikwa bati. Kwenye sindano alisimama, akakichukua kile kipande cha sufu, akakigeuzageuza.

"Haya nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nilijaribu nikaona haiwezekani."

"Rodion hakuwahi kufanya hivi."

"Rodion alikuwa na mimi."

Alinitazama. Kisha akaufungua ule mkanda, polepole, maana vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka leo.

"Jumanne alfajiri," alisema. "Na makopo yapunguze. Kumi yanatosha."

"Kumi na mawili."

"Kumi na moja, la mwisho nile mimi njiani."

Siku mbili tulipanda mto, kingo zikiwa zimeshaanza kuweka barafu nyembamba iliyovunjika kama kioo tulipoipita. Kibanda kilikuwa salama. Dubu alikuwa ameukwaruza mlango, akakata tamaa. Tulipandisha mizigo pamoja, na mjomba akalikagua jiko, akapanda paani, akashuka bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni sifa.

Hakuweza kulala, mto ungemfungia. Alisimama ndani ya boti, kasia likiwa limeshikilia tope.

"Nije Januari na pikipiki ya theluji? Nikuone tu."

"Njoo msimu ukifungwa. Mwisho wa Februari."

"Peke yako mpaka Februari, mkwe."

"Redio ipo. Kila jioni saa moja, mwambie shangazi asizungumze peke yake, na mimi nipate nafasi."

"Hilo usitegemee," alisema, akasukuma boti.

Nilitaka kusimama pale mpaka injini isisikike tena. Lakini Dimka alikuwa ameshavuka kijito nyuma ya kibanda, na sasa alibweka, kubweka kule kwa polepole na kwa vituo, kunakosema kuna ndege mkubwa ametua mtini na hataki kuruka. Ilikuwa nyama ya siku tatu. Nilichukua bunduki, nikakanyaga mawe ya kijito moja baada ya jingine, nikavuka.