Mdhamini wa Shahada

Kitu cha kwanza alichokiona ni makombo ya mkate.

Kazi ya Kimya katika chumba cha kufulia cha hospitali ilianzia mifukoni. Kabla sare hazijaingia mashineni, ilibidi apitishe vidole katika kila mfuko, maana kalamu moja iliyosahaulika iliharibu mzigo mzima. Kwa wauguzi alizoea kukuta kalamu, pini, vifuniko vya sindano. Lakini mfukoni mwa Sista Mrefu kila mara mlikuwa na makombo, na leo kilikuwamo kipande kizima, kimefungwa kwenye karatasi. Ukingoni kilikuwa na alama ya meno. Kimya aliujua mkate ule. Wa wagonjwa ulikatwa mwembamba hivyo.

"Shangazi," aliita kwa sauti ya chini, "huyu si ndiye mwenye digrii?"

Mpiga pasi, ambaye wote mle ndani walimwita Shangazi, hakuinua macho. "Ndiye. Kasoma mpaka vitabu vikaisha. Sasa amehamia kwenye masazo."

Wengine walicheka. Kimya alikirudisha kile kipande kwenye karatasi yake, akakiweka juu ya rafu, mbali na maji. Nyumbani mdogo wake alikuwa akingoja matokeo ya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, chuo cha hospitali hiyo hiyo. Alitaka shahada. Baba yao alimwita Daktari tangu akiwa na meno ya utoto, na Kimya alipoacha shule darasa la tano ili amuuguze mama, ilieleweka tu, bila mtu kusema, kwamba yule mdogo atasoma kwa niaba ya wote wawili. Mama alikufa. Kimya hakurudi shule.

Sista Mrefu alipokuja kuchukua sare, Kimya alimpa pamoja na ile karatasi. Sista aliipokea haraka, akaisokomeza mfukoni bila kumtazama usoni.

"Sista, samahani. Digrii... inalipa?"

"Unataka kusoma wewe?"

"Mdogo wangu."

Sista Mrefu alitazama mlangoni kwanza. "Nalipwa sawa na mwenye diploma. Ofisi ya mikopo inakata zaidi ya nusu kabla sijaishika. Nikilalamika, wananionyesha wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Zamu wanazofanya ni zile zile zangu, halafu wao ndio wanaokilipa chuo. Nani ataniongezea mshahara hapo?"

"Si uondoke?"

"Niende wapi? Cheti changu kiko kwenye kabati lao mpaka nimalize deni."

"Basi bora achukue diploma."

"Mwaka ujao hawaajiri diploma. Tangazo limebandikwa, hukuliona?"

Kimya alikuwa ameliona. Alilisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu, akatumaini kwamba amekosea.

Matokeo yalipotoka, Daktari alikuwa amefaulu. Baba, fundi viatu, alifunga meza yake mapema akaja nyumbani na soda.

"Sasa ni mdhamini tu," alisema. "Wanataka mtu mwenye hati ya mshahara. Humu ndani anayo nani? Mimi? Au hizi soli?"

Wote wawili walimgeukia Kimya.

"Nimeongea na sista mmoja," alianza. "Anasema ile pesa..."

"Watu wa kazini hawapendi mwenzao apande," baba alimkata. "Huyo ana wivu."

"Ana njaa, baba."

"Hana mpango huyo."

Daktari alimsogelea, akamshika mkono. "Dada, sikudharau, unanijua. Lakini hesabu nimepiga. Mshahara wa kuanzia ni mara tatu ya huu wako. Miaka mitano deni limekwisha, na wewe unapumzika. Hutagusa sabuni tena."

"Huo mshahara kakwambia nani?"

"Umeandikwa kwenye kijitabu cha chuo."

"Sista anasema..."

"Na nisipokwenda, dada, nifanye nini? Nije tufue wote?"

Hakusema kwa dharau. Kimya angepata la kumjibu kama angesema kwa dharau. Alitazama mikono yake, ngozi ilivyochunika kwa dawa ya kung'arishia mashuka, kisha mikono ya mdogo wake.

Ofisi ya mikopo ilikuwa dirisha tu, kando ya dirisha la mishahara. Karani alikuwa mmoja. Alimaliza kumpa mfagiaji mmoja hati yake, akavuta kiti upande wa pili, akawa mtu wa mikopo.

"Wewe ni wa kufulia?"

"Ndiyo, bosi."

"Kusoma unajua?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha. Weka sahihi hapa. Na hapa."

Daktari, pembeni yake, alikuwa akimfinya mkono kwa furaha. Kimya aliishika kalamu lakini hakuiteremsha.

"Bosi, asipopata kazi?"

"Atapata. Hapa hapa."

"Na mshahara usipotosha deni?"

Karani alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Ndiyo maana upo wewe."

Nyuma yao kulikuwa na foleni: mama mmoja na binti yake, mlinzi wa getini na mwanawe. Mtu alikohoa kwa kukosa subira. Kimya aliandika jina lake herufi moja moja, mara mbili.

"Makato yanaanza mwezi huu," karani alisema, akizivuta karatasi.

"Lakini masomo bado hayajaanza."

"Riba haingoji kengele, dada. Anayefuata!"

Jumapili sare ya chuo ilitolewa kwenye mfuko wake. Ilikuwa kubwa mno. Daktari alisimama juu ya kigoda mbele ya kioo, mikono ameinyanyua, na Kimya akapiga magoti nyuma yake ili aipunguze kiunoni.

"Muuguzi wangu!" Baba alisema mlangoni. "Sasa nitaugua makusudi." Akatoka kwenda kuwaambia majirani, na kicheko chake kikasikika mpaka nyumba ya tatu.

Wakabaki wawili. Kimya alitia pini moja, nyingine, nyingine. Kitambaa kilikuwa kigumu, bado kina harufu ya stoo.

"Dada, mbona huongei? Hufurahi?"

Kimya alitoa mdomoni pini zilizobaki, akaziweka sakafuni moja baada ya nyingine. Daktari alitaka kugeuka.

"Usigeuke. Zitakuchoma."

Mdogo wake akatulia, mikono ingali juu. Kwenye kioo uso wake ulikuwa bado unatabasamu, ukingoja.

"Ile wiki ya kungoja matokeo," Kimya alisema, "kila asubuhi baba aliniambia nikuombee. Nilikuombea, mdogo wangu. Nilimwomba Mungu ufeli."