Nadhiri ya Feresita

Mama mkwe wangu, Feresita, alikuwa anamuua mwanawe kwa sala, na mimi niko Katwe nanunua chumvi ya kuuza Bwera. Sijui nicheke au nilie. Acha nilie.

Mume wangu Anselme aliugua akili mwaka wa sabini na nne. Daktari wa Kampala akampa dawa mbili: lagaktili ya kunyamazisha sauti alizozisikia, na lithiamu ili furaha na huzuni zisimpande kupita kiasi. Akatuonya sote. Zinakwenda pamoja, lakini apimwe damu, anywe maji, na asipunguziwe chumvi, maana chumvi ikipungua mwilini lithiamu inajikusanya na kuwa sumu. Akitapika au akitetemeka vibaya, tusimpe tena, tumkimbize hospitali. Anselme akatulia, akarudi kwenye cherehani yake.

Niliporudi kutoka Katwe baada ya wiki mbili nilimkuta sakafuni, ametapika, mikono inatetemeka, ulimi mzito kama wa mlevi.

"Ugonjwa imerudia," mama akasema. "Nimemuongezea dawa."

Nikaonja sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa jikoni. Haina chumvi hata kidogo.

"Mama, umempikia hivi siku zote hizi?"

"Niliweka nadhiri kwa Bikira, Sophie. Mutoto yangu hatakula chumvi mpaka apone."

Na nyumba imejaa magunia ya chumvi. Mungu wangu, nilitamani kumpiga.

Jirani yetu Drani, askari, alitubeba kwa Landrova ya kambi mpaka Kasese. Njia nzima nilimwita Anselme. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Hospitalini muuguzi akatundika chupa. Mama akauliza ndani kuna nini.

"Maji ya chumvi."

Akajitupa juu ya mwanawe. "Hapana. Nikivunja nadhiri, Bikira atamuchukua."

"Ondoka hapo, wewe," Drani akafoka. Hakuondoka. Nikampigia magoti, mimi niliyetaka kumpiga.

"Mama, anakufa. Anakufa sasa hivi, tunaona."

Akainuka kidogo. Muuguzi akajaribu, lakini mkono wa Anselme uliruka-ruka na sindano haikupata mshipa. Akajaribu tena, damu ikachuruzika kwenye shuka. Mama aliutazama ule mkono. Kisha akaushika kwa mikono yake miwili, akaugandamiza kitandani kwa uzito wake wote.

"Bikira, unichukue miye," akasema. Akamgeukia muuguzi. "Tia."