Saruji Kwenye Ukuta wa Kaskazini

Nilikaa miezi mitano kwa binti yangu aliyejifungua mapacha. Niliporudi kijijini nikakuta ukuta wa kaskazini wa kanisa letu umepigwa saruji, kuanzia msingi hadi madirishani.

Mhalifu sikumtafuta mbali. Clifford Pask, mwashi mstaafu na mzee mwenzangu wa kanisa, alikuwa akifagia njia ya makaburini.

"Umeonaje, Thelma? Tulijitolea siku mbili. Unyevu hauingii tena."

"Na ulioko ndani utatokea wapi, Clifford? Puani mwako?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Ukuta ule ulijengwa miaka mia saba iliyopita, kwa mawe magumu ya gumegume na chokaa. Chokaa hupumua: ukuta ukilowa leo, kesho upepo unaukausha. Saruji haipumui. Maji yakizibwa nje hutokea ndani, na ndani yuko Mtakatifu Kristofa, jitu linalovuka mto na mtoto begani. Alichorwa mkabala na mlango wa kusini ili mkulima achungulie tu, aende shambani akiamini hatakufa siku hiyo. Wavunja sanamu wa zamani walimpaka chokaa, akaokoka. Kisha akaja Pask kumsaidia.

Nikamvuta mkono mpaka ndani. Goti la mtakatifu lilikuwa limebambuka, liko sakafuni, unga mwekundu.

"Mungu wangu."

"Mwache Mungu. Kibali cha dayosisi kiko wapi?"

"Kibali! Tuliomba kuhamisha benchi moja, tunangoja mwaka wa tatu!"

Hapo alisema kweli, na hilo lilinichoma zaidi. Nikapiga simu dayosisi. Sauti moja ya upole ikaniambia tusiguse kitu, kamati itakaa Juni.

"Juni mtoto wa begani kwa Kristofa atakuwa ameshadondoka," nikasema, nikakata simu. Nikamgeukia Pask. "Tunaibandua saruji yako. Lete patasi. Ile ndogo."

"Kwa nyundo kubwa tunamaliza leo leo."

"Umtikise mtakatifu mzima aanguke? Ndogo! Kipande kwa kipande, hata tukifika Pasaka."

"Watatufukuza kwenye baraza la kanisa, Thelma."

"Watufukuze."

Akapiga magoti kwenye tope, nje, nami nikapiga magoti kando yake. Kipande cha kwanza kilipobanduka, maji yalichuruzika kutoka katikati ya mawe, yakamlowesha mpaka viwiko. Akayatazama, uso umemwiva kwa aibu.

"Yote haya yalikuwa humu?"

"Uliyafungia mwenyewe. Gonga."