Vipepeo vya Bati

Haya alinisimulia Armelle mwenyewe, Pasaka iliyopita, akinisuka nywele katika saluni yake pale Peckham, London. Yalipotokea, mwaka elfu mbili na mbili, bado alikuwa msichana wa shule.

"Fungua koti, Mama Léocadie," Jaswinder alisema.

Léocadie, mama yake Armelle, alikuwa angali ameshika mopu. Tangu alfajiri alikuwa akisafisha vyoo vya kampuni moja ya bima huko Stratford, na sasa miguu ilikuwa mizito kama imejaa maji. Jaswinder ndiye aliyewasimamia wasafishaji. Alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwa kimeshika kutu.

Koti likafunguliwa. Ndani, kwenye bitana, vilibanwa kwa pini vipepeo vidogo vya bati, vya bluu, kila kimoja na jina la kampuni bawani.

"Haiya!" akacheka Teresia, mwenzake wa ndoo. "Kumbe tunapiga deki na jenerali! Medali zote hizo, ulipigana vita gani?"

Jaswinder hakucheka. Mwezi ule kampuni ilikuwa ikichangisha pesa za watoto wagonjwa. Pale mapokezi paliwekwa kopo na kisanduku: tia sarafu, chukua kipepeo. Vipepeo vilikuwa vinakwisha, kopo halijai, na wakubwa wa juu walikuwa wameuliza ni nani hupita pale kabla watu hawajafika.

"Sikuiba," Léocadie akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Nilitiaka feza ya kila mutu."

"Kila mtu yupi?"

"Batu ba kwangu."

Ndivyo alivyozoea. Kanisani, kikapu kikipita, alitia kisarafu kwa ajili ya kila mtu wa nyumba yake, aliyepo na asiyepo, akimtaja kimoyomoyo. Kwake, aliyetajwa alikuwa amefika ibadani. Kopo la kampuni alilitendea vivyo hivyo, kwa senti zake za shaba, na kila aliyemtaja akamchukulia kipepeo chake.

Jaswinder alishusha pumzi, akakalia ndoo iliyofunikwa. "Mama, hawa wakubwa hawajui mambo hayo. Kwao mtu mmoja, kipepeo kimoja. Nipe nikarudishe, nitasema hukuelewa. Ukikataa, leo ndiyo mwisho wako hapa. Pengine na wangu."

Léocadie akaanza kuchomoa, akimwekea Jaswinder kiganjani.

"Huyu Adolphe." Huyo ni mumewe, aliyekuwa Bukavu akingoja viza. "Huyu mama yangu. Huyu Armelle. Huyu ni miye."

Kilibaki kimoja, kimebanwa peke yake chini ya mfuko wa ndani. Mkono ukasita.

"Na huyo?"

"Gires. Mutoto yangu wa kwanza. Alibakia mu njia, wakati tulikimbia vita."

Teresia akainamia ndoo yake, akawa anakamua kitambaa kilichokwisha kukauka.

Viatu vikalia ukumbini, vinakuja. Jaswinder akakichomoa mwenyewe kile cha mwisho, akakitupia kiganjani na vingine, akafumba. Viatu vikapita. Ndipo alipomtazama Léocadie usoni.

"Kimoja ni chako kwa sheria yao wenyewe," akasema haraka. "Chukua. Chukua cha mtoto."

Akafumbua kiganja. Vipepeo vilikuwa vimelaliana, vyote bluu, vyote jina moja. Léocadie akavigeuza kimoja kimoja, akavisogeza karibu na macho.

"Iko wapi?" akauliza.

"Vyote ni sawa, mama." Jaswinder alipolisema neno hilo alitamani alimeze.

Léocadie akachukua kimoja.

Armelle aliporudi kutoka shuleni alimkuta mama yake kitandani na viatu miguuni, macho wazi, ngumi imefumbwa. Akamvua viatu. Akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ameshika nini. Mama akamweleza yote, kwa vipandevipande.

"Sasa hicho ni cha nani?"

"Sijue, mutoto. Bilichanganyika."

"Basi nipe nimshike mimi. Wewe lala."

Ngumi ikafunguka. Jioni kulikuwa na ofisi nyingine ya kusafisha, lakini Léocadie alikwisha kuzama, mdomo wazi kidogo. Armelle akakaa na sare yake ya shule, akisikiliza mabasi yanavyopita chini ya dirisha. Pini ilikuwa inamchoma, hakulegeza mkono. Hatimaye naye akajikunja miguuni pa mama yake, ngumi shavuni, usingizi ukamchukua.